Mgeni Huishia Dakani

Mwanzoni mwa mwaka 1995 mtu fulani aliingia kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, akatega humo programu ya kunusa. Hakuvunja kitu wala hakufuta faili la mtu. Programu yake ilikaa kimya kwenye njia kuu, ikinakili majina na nywila zilizokuwa zikipita, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshakusanya maelfu. Kazi hiyo haikuhitaji ujuzi mkubwa, kwa sababu nywila zilipita uchi. Kila aliyetaka kuitumia kompyuta ya mbali aliandika jina lake na neno lake la siri, na maneno hayo yakasafiri kwenye waya jinsi yalivyo, kama maandishi ya nyuma ya postikadi ambayo tarishi yeyote njiani anaweza kuyasoma.

Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alikuta nywila za kampuni yake mwenyewe zimo kwenye rundo lile. (Ndiyo, jina lake ni Tatu. Kwa Kifini halina uhusiano wowote na kuhesabu.) Akakaa miezi michache akaandika programu iliyofanya kazi ileile ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ila safari hii kila neno likifungwa kwa fumbo kabla halijaondoka. Akaiita SSH. Programu za namna hii huhitaji poti, yaani kijimlango chenye namba ambacho kompyuta nyingine zitabisha hodi. Namba 21 ilikuwa ya FTP na namba 23 ilikuwa ya Telnet, zote mbili programu za zamani, zote mbili za kupitisha nywila uchi. Katikati yao namba 22 ilikuwa wazi. Ylönen aliiomba, akapewa. Julai 1995 aliitoa programu yake bure, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50.

Nasoma historia, sisomi kompyuta, na hadithi hii nimeianza kwa wizi kwa makusudi. Wanaoisimulia historia ya teknolojia hupenda kuisimulia kama ngazi: mtu mwerevu akavumbua hiki, mwerevu zaidi akavumbua kile. Nikisoma kuhusu namna watu walivyojifunza kukaa mbele ya kompyuta iliyo mbali, ngazi siioni. Naona nyumba ambayo kila komeo lake limepigiliwa asubuhi baada ya mwizi kupita usiku.

Jambo hili nalijali kwa sababu ya tasnifu yangu. Inahusu Operesheni Vijiji, miaka ile ambayo serikali yetu ilihamisha mamilioni ya watu kuwapeleka kwenye vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani lazima awe anaishi kijijini, na kilichofuata kinafahamika kwa ujumla wake: magari, mgambo, nyumba zilizobomolewa ili watu wasirudi. Kisichofahamika vizuri ni majina. Katika rekodi ninazozifanyia kazi, wazee wa Handeni wanayataja. Wanasema nani alishika kiberiti, nani aliandika orodha, nani alibaki kwenye shamba lake kwa kuwa shemeji yake alikuwa katibu. Watoto na wajukuu wa hao waliotajwa wanaishi humohumo, wanachota maji kwenye bomba lilelile na wasimuliaji.

Kwa hiyo wakati wa kurekodi iliwekwa ahadi, na ahadi hiyo imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa ambayo kila mzee alisomewa: sauti hizi hazitatoka kwenye kompyuta ya chuo. Hazitatumwa kwa barua pepe, hazitawekwa kwenye flashi, hazitapakiwa kwenye wingu la mtu. Atakayetaka kuzisikiliza atazifuata zilipo. Ilikuwa ahadi nzuri na nyepesi kutekeleza kwa mtu aliyepanga chumba karibu na chuo. Mimi hela ya chumba iliniishia mwaka wa pili, nikarudi kwetu Tanga, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye hiyo kompyuta.

Nikiwa Tanga, naziendea sauti hizo hivi. Nafungua kivinjari cha kawaida kwenye laptopu yangu. Naandika anwani ya lango la chuo, naweka nywila, kisha naweka tarakimu 6 ambazo simu yangu inazibadilisha kila nusu dakika. Baada ya hapo ndani ya kivinjari inatokea picha ya skrini ya kompyuta iliyopo Dar, na faili zangu zikiwa juu yake. Nikibofya, inabofya. Nikiandika, inaandika. Sauti naisikia kwenye spika zangu. Ila siwezi kunakili kitu huko nikakibandika huku, na siwezi kushusha faili, kwa kuwa ofisa wa TEHAMA amefunga njia zote mbili. Ninachopewa ni kuona na kusikia.

Nilitaka kujua kitu hiki kilitoka wapi.

Watu wengi huanzia San Francisco, tarehe 9 Desemba 1968, na hapo nami nakubaliana nao. Siku hiyo Douglas Engelbart alipanda jukwaani mbele ya wataalamu wapatao 1,000 akawaonyesha, kwa dakika 90, kipanya, maandishi yanayohaririwa kwenye skrini, na viungo vya kubofya. Kinachotajwa mara chache ni kwamba kompyuta haikuwepo ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, maili 30 hivi kutoka pale, kwenye maabara ya SRI. Mhandisi wake Bill English alikuwa ameunga mitambo ya mawimbi ya maikrowevu kuleta picha, na laini yenye modemu ya kasi ya 1,200 kurudisha alichokiandika Engelbart. Kwa hiyo onyesho maarufu kuliko yote katika historia ya kompyuta lilikuwa, pamoja na mengine, mtu aliyekaa mbele ya skrini ya mashine iliyo mbali. Hapakuwa na nywila wala mlinzi. Nani angeingilia? Njia ilikuwa yao peke yao, waliijenga kwa ajili ya alasiri ile.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi wa UCLA aitwaye Charley Kline alijaribu kuingia kutoka Los Angeles kwenye kompyuta ya maabara hiyohiyo ya Engelbart, kupitia mtandao mpya wa ARPANET. Alikusudia kuandika neno la kuombea kuingia, LOGIN. Akaandika L, akaandika O, na kabla G haijafika mashine ya upande wa pili ikazima. Baada ya kama saa moja walifaulu. Nawaza sana juu ya ukweli huu mdogo: ujumbe wa kwanza wa mtandao uliokuja kuzaa intaneti haukuwa salamu. Ulikuwa mtu kubisha hodi kwenye kompyuta ya mwenzake.

Kwa miaka kama 15 hivi baada ya hapo, hodi ilijibiwa kwa urahisi. Waliokuwa kwenye mtandao walikuwa vyuo, maabara na wanajeshi wa Marekani, watu waliojuana kwa majina. Telnet ilitungwa katika mazingira hayo. Ukiisoma leo unashangaa kwamba nywila hupita wazi, lakini kwa wale waliokuwepo hilo lilikuwa sawa na mtu wa kijijini kuacha mlango wake umeegeshwa tu. Simlaumu mtu. Naona tu kwamba imani yao ilikaa kwenye waya: ukishakuwa ndani ya mtandao, wewe ni mwenzetu.

Imani hiyo ilianza kuvuja kwa senti 75. Agosti 1986, Clifford Stoll, mwanafalaki aliyekuwa amehamishiwa kitengo cha kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, aliambiwa atafute kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zilipishana kwa kiasi hicho. Mtu mwingine angezirekebisha kwa kalamu akaenda kula. Stoll alifuatilia, akakuta kuna mtumiaji asiye na anwani ya kutozwa, akafuatilia tena, na baada ya miezi mingi ya kuunganisha mashine za kuchapa kwenye laini za simu akamfikia kijana wa Hannover, Ujerumani, Markus Hess, aliyekuwa akipenya kwenye kompyuta za jeshi la Marekani na kuuza alichokipata kwa KGB. Ili kumweka mgeni huyo hewani muda wa kutosha simu ifuatiliwe, Stoll alitunga faili za uongo za mradi wa siri ambao haukuwepo, akaziacha mahali pa kuonekana. Hess alizisoma kwa hamu. Mwanahistoria yeyote aliyewahi kukesha na nyaraka za kughushi atajisikia nyumbani kwenye kisa hiki.

Kisha ikaja tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamili wa Cornell mwenye umri wa miaka 22, aliachia mnyoo uliojinakili wenyewe kutoka mashine hadi mashine, mara nyingine kwa kubahatisha nywila kutoka kwenye orodha ya maneno. Makadirio yaliyozoeleka ni kompyuta 6,000 kati ya 60,000 hivi zilizokuwepo kwenye intaneti. Asubuhi yake taasisi zilichomoa nyaya ukutani. Ile asubuhi, kwa maoni yangu, ndiyo iliyozaa lango.

Lango kwa maana hii: badala ya kila kompyuta ya ofisi kuzungumza na ulimwengu, ofisi nzima inajengewa ukuta, na kwenye ukuta kunaachwa tundu moja lenye bawabu. Bill Cheswick wa Bell Labs alichapisha mwaka 1990 maelezo ya lango la aina hiyo la kampuni ya AT&T. Yeye mwenyewe alitambua udhaifu wake, kwamba ukishalivuka ganda gumu la nje, ndani mote ni laini. Neno hilo nitalirudia baadaye kwa sababu miaka 30 iliyofuata imelithibitisha vibaya sana.

Kitu kingine kilichozigeuza ofisi kuwa nyumba zenye kuta kilikuwa uhaba wa namba. Anwani za intaneti zilionekana kuelekea kwisha, na mwaka 1994, kisha tena 1996 katika waraka unaojulikana kama RFC 1918, mafundi wa intaneti walitenga makundi ya anwani za matumizi ya ndani tu. Zile zinazoanza na 192.168 ni miongoni mwao. Kagua laptopu yako ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, huenda inayo mojawapo. Anwani hizi ni kama namba za vyumba. Kila hoteli ina chumba namba 10, na ukimwambia dereva wa bajaji akupeleke “chumba namba 10” bila kutaja hoteli atakucheka. Kompyuta yenye sauti za wazee wangu ina anwani ya namna hiyo. Kutoka Tanga haina pa kuitwa. Iko, na haiko.

Hapo ndipo mgogoro ulipokaa miaka ya 1990. Ukuta ulikuwa umejengwa, na watu walitaka kufanya kazi wakiwa nje ya ukuta.

Jibu moja lilikuwa kuurefusha ukuta: VPN, njia ya fumbo inayoichukua kompyuta yako ya nyumbani na kuifanya iwe kana kwamba imechomekwa kwenye soketi ya ofisini. Inafanya kazi, na wengi bado wanaitumia. Mimi inanitia wasiwasi kwa namna ilivyotumika kwa muda mrefu, maana inaleta ndani kompyuta nzima, pamoja na kirusi chochote ilichookota kwenye flashi ya stationery ya mtaani. Mgeni haingii peke yake, anaingia na mzigo wake ambao haujakaguliwa.

Jibu la pili lilitoka kwa watu waliokuwa wakiwaza kitu kingine kabisa. Cambridge, Uingereza, kulikuwa na maabara ya utafiti ya kampuni ya Olivetti iliyoongozwa na Andy Hopper. Mji ule ulikuwa na watafiti wasiopenda kutembea bure: mwaka 1991 Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky, kwenye maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, waliielekeza kamera kwenye mtungi wa kahawa ili walio vyumba vya mbali waone kwenye skrini kama kuna kahawa kabla hawajainuka. Kwa Olivetti swali lilikuwa hili: kwa nini mtu awe na kompyuta mahali, wakati anachohitaji ni skrini tu? Stafford-Fraser, Tristan Richardson, Kenneth Wood na Hopper waliandika jibu lao mwaka 1998 na kuliita VNC. Wazo lake ni sahili kiasi cha kuudhi. Usitume programu wala faili. Tuma vipande vya mstatili vya picha ya skrini, na uvitume pale tu vinapobadilika. Upande wa pili urudishe mibofyo ya kibodi na mwendo wa kipanya. Programu ya kutazamia ilitosha kwenye disketi moja.

AT&T, iliyokuwa imeinunua maabara hiyo, iliifunga mwaka 2002, lakini VNC ilikuwa imeshatolewa bure na haikuweza kufungwa. Marekani nako Ed Iacobucci, aliyetoka IBM na kuanzisha Citrix mwaka 1989, alikuwa ametafuta namna ya watu wengi kutumia Windows moja kwa wakati mmoja. Microsoft ikanunua haki ya teknolojia yake mwaka 1997, na mwaka uliofuata ikatoa toleo la Windows NT lenye itifaki yake ya skrini za mbali, RDP. Kijimlango chake ni namba 3389.

Wote hawa walikuwa wakitafuta urahisi, lakini bila kukusudia walikuwa wamegundua jambo la kiusalama. Ukimtumia mtu picha ya waraka badala ya waraka, waraka haujaondoka. Kwa historia ya kuhifadhi kumbukumbu hili si jipya. Chumba cha kusomea cha nyaraka za taifa, popote duniani, kinaendeshwa hivyo. Unaletewa jalada mezani, unalisoma ukiangaliwa, unaliacha. Tofauti ni kwamba sasa chumba cha kusomea kiliweza kuwa kwetu Tanga.

Tatizo: VNC ya mwanzo haikufunga picha zake kwa fumbo, na nywila yake haikuzidi herufi 8. Nayo RDP, ilipopata umaarufu, wengi waliiachia namba 3389 wazi moja kwa moja kwenye intaneti, ili bosi aingie akiwa safarini. Walikuwa wamerudi kwenye Telnet kwa mlango wa nyuma.

Kipande cha mwisho kilikuwa kuunganisha picha na bawabu. Microsoft iliweka kwenye Windows Server 2008 kitu ilichokiita TS Gateway, baadaye Remote Desktop Gateway. Mwaka 2010 ulianza mradi huru wa Guacamole (kachumbari ya parachichi, sikutunga mimi), ambao tangu 2017 ni mradi kamili chini ya Apache. Lango la chuo chetu ni la aina hii ya pili. Linavyofanya kazi ni hivi. Kivinjari changu kinaliendea lango kupitia poti 443, njia ileile ya fumbo inayotumiwa na tovuti za benki. Lango linaniuliza mimi ni nani, na linaniuliza kwa njia mbili. Likiridhika, linatazama orodha: mtu huyu anaruhusiwa kompyuta ipi? Kisha lango lenyewe, likiwa na mguu mmoja ndani ya mtandao wa chuo, linaigeukia kompyuta ya sauti, linafungua mazungumzo nayo kwa RDP, na kinachosemwa huko linakichora upya na kunipa mimi kama picha. Laptopu yangu na kompyuta ile hazigusani hata kidogo. Zinazungumza na lango, kila moja kwa lugha yake.

Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu ameshaiona ramani hii. Nje kuna daka, kijukumbi chenye mabaraza ya mawe mawili kwenye mlango. Mgeni wa biashara anakaa hapo, anapewa kahawa, anafanya mazungumzo yake yote na anaondoka ameridhika. Ukivuka mlango kuna tekani, na njia inapinda kona ili hata mlango ukiwa wazi mpita njia asione ndani. Halafu kiwanda, halafu misana, halafu chumba kiitwacho ndani, ambacho jina lake linatosha. Nyumba ile haikujengwa ili kumfukuza mgeni. Mji uliishi kwa wageni, kwa majahazi ya kusi na kaskazi. Ilijengwa ili kila mgeni awe na mahali pake pa kuishia, na ili biashara ifanyike bila yeye kupajua ndani.

Kwa pwani hii, lakini, daka la kompyuta lisingefaa kitu miaka 20 iliyopita. Hadi Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipowashwa ukitua Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwa wingi kwenye setilaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake, unachukua karibu nusu sekunde kupanda, kushuka na kurudisha jibu. Barua pepe haijali nusu sekunde. Skrini ya mbali inajali: unasogeza kipanya, unasubiri, kinasogea; unaandika herufi, unasubiri, inatokea. Binadamu hawezi kufanya kazi hivyo saa nane bila kuchanganyikiwa. Watunga historia wa uvumbuzi huandika mwaka kitu kilipotungwa. Kwetu mwaka wenye maana mara nyingi ni ule kebo ilipofika ufukweni, na hata sasa, bando likikaribia kuisha au umeme ukikatika mtaani, mimi hurudi mwaka 2008 kwa jioni nzima.

Yaliyofuata nitayapitia haraka kwa sababu ni ya juzi na wengi mnayakumbuka. Mei 2019 ilitangazwa kasoro ya RDP iliyobatizwa BlueKeep, mbaya kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyokwisha kustaafishwa miaka 5 nyuma. Walioacha 3389 wazi walijua tena kwa nini bawabu anahitajika. Lakini miezi 8 tu baadaye ikawa zamu ya bawabu mwenyewe. Januari 2020, kasoro kwenye malango ya Citrix iliwafanya wakuu wa usalama wa mtandao wa Uholanzi kushauri yazimwe. Wizara, manispaa na hospitali zikazima. Maelfu ya watu waliozoea kufanyia kazi nyumbani wakatakiwa kwenda ofisini, na kukatolewa tahadhari ya foleni za magari Jumatatu ya tarehe 20. Waholanzi waliziita foleni za Citrix. Miezi miwili baadaye korona iliwarudisha wote nyumbani, kupitia malango hayohayo.

Na Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba linalopeleka mafuta pwani ya mashariki ya nchi hiyo, baada ya wadukuzi kuingia kwa akaunti ya zamani ya VPN iliyolindwa na nywila tu, bila hatua ya pili. Kikombozi kilikuwa bitikoini 75, kama dola milioni 4.4. Ganda gumu, ndani laini: Cheswick alikuwa ameshaliona. Google, baada ya kuvamiwa katika shambulio lililotangazwa Januari 2010, ilifikia uamuzi ambao wengine wanaufuata polepole, kwamba kuwa ndani ya mtandao wa ofisi kusimpe mtu heshima yoyote, na kila mlango wa ndani uulize upya. Baada ya miaka 40 imani iliondolewa kabisa kwenye waya, ikawekwa kwa mtu mmoja mmoja na kifaa chake.

Hata hivyo kuna jambo ambalo lango la chuo haliwezi, na nimelifikiria kila ninapofungua rekodi. Naweza kuinua simu yangu nikarekodi spika. Naweza kuipiga picha skrini. Hakuna fumbo la hesabu linaloufikia mkono wangu. Uhandisi wote huu, tangu laini ya Bill English hadi tarakimu zangu 6, unamsindikiza mtu hadi sentimita 40 kutoka kwenye uso wake, na kuanzia hapo linabaki neno alilopewa bibi mmoja wa Handeni, aliyeuliza mara mbili, kabla hajataja jina la kwanza, kama kijana wa mwenyekiti ataisikia.

Ofisa wa TEHAMA alinieleza pia kwamba lango linaandika kila ninapoingia na kutoka, na kwamba linaweza kurekodi kikao chote kama filamu: skrini, kipanya changu kinapositasita, dakika ninazorudisha nyuma na kusikiliza tena. Filamu hizo hukaa kwenye seva nyingine ndani ya mtandao uleule, na mimi sina ruhusa ya kuzifikia. Kabla ya kufunguliwa akaunti nilisaini fomu ya kukubali hilo. Ilikuwa ya kurasa mbili, na maneno yake yalifanana sana na yale waliyosomewa wazee.